Kozi ya CNA: Tuulize Kabla ya Kuuza Ng'ombe



Siku hizi wazazi wengi wanatujia ofisini wakiuliza habari za kozi ya CNA. Wameambiwa kwamba kijana akisoma wiki chache hapa Kenya atapata cheti, na cheti hicho kitampeleka Marekani. Wengine wako tayari kuuza ng'ombe au kipande cha shamba. Kabla ya kufika huko, tuelewane kwanza.

CNA ni nani?

Ni msaidizi wa muuguzi huko Marekani. Amefunzwa, amepita mtihani, na jina lake limeandikwa katika rejista ya jimbo. Yeye si nesi. Kazi yake ni kumwosha mgonjwa, kumvalisha, kumlisha, kumpeleka choo, kubadilisha shuka, na kupima joto na presha. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza kitandani, yeye humgeuza, mara nyingi kila baada ya saa mbili, asije akapata vidonda vya kulalia. Akiona ngozi imeanza kuwa nyekundu, au mzee amekataa kula, anamwambia nesi mara moja. Kwa kawaida hatoi dawa wala hadungi sindano.

Ni kazi ya heshima lakini ni nzito. Mgongo huumia kwa kuinua watu, na zamu za usiku na za Jumapili ni za kawaida. Hata hivyo, Wakenya wengi waliohamia huko wameianza hiyo, na wengine wakasoma zaidi hadi wakawa manesi.

Anafunzwa vipi?

Sheria ya Marekani ya mwaka 1987 inataka angalau saa 75 za mafunzo, na 16 kati ya hizo ziwe za mazoezi chini ya msimamizi. Majimbo yanaweza kuongeza: California inadai saa 160. Halafu kuna mtihani wa sehemu mbili: maswali, na vitendo mbele ya mtahini, kama vile kunawa mikono sawasawa, au kumtoa mtu kitandani na kumkalisha kwenye kiti. Akikaa miezi 24 mfululizo bila kufanya kazi hiyo kwa malipo, lazima ajaribiwe upya.

Kwa hiyo tukumbuke haya:

1. Cheti cha chuo cha hapa hakimwingizi mtu katika rejista ya Marekani. Jimbo lenyewe ndilo huandika jina, kwa masharti yake na mtihani wake.

2. Cheti si viza. Viza ina taratibu zake, na chuo hakina uwezo wa kuitoa.

3. Huko Marekani, makao ya wazee yanayolipwa na bima za serikali hayaruhusiwi kumtoza ada ya mafunzo hayo mtu ambaye yamekwisha kumwajiri au kumwahidi kazi kabla hajaanza kusoma. Basi aliyekwisha kupata njia ya kwenda asikimbilie kulipa pesa nyingi hapa.

Hatusemi kwamba kozi za hapa hazina maana. Kumtunza mgonjwa ni ujuzi, na wagonjwa tunao hata nyumbani kwetu. Lakini kijana asome akijua anasomea nini. Kiulizeni chuo: Je, kimesajiliwa na TVETA? Mazoezi yatafanyiwa hospitali gani? Waliomaliza mwaka jana wako wapi sasa? Risiti zinatolewa? Na anayeahidi viza pamoja na cheti, mwambieni aandike ahadi hiyo na kutia sahihi. Mtaona kama atakubali.

Mkiwa na barua au fomu ya chuo chochote, ileteni ofisini kabla ya kulipa, tuisome pamoja. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.