Kabla ya kuweka kitu ndani ya sanduku la samaki

Tangu kikao kile mlipoona sanduku letu la kioo juu ya meza, akwariamu yenye samaki wadogo wa Tanganyika, wengi mmetuuliza namna ya kutengeneza moja nyumbani kwa ajili ya watoto. Kioo chenyewe hakina shida, seremala mzuri wa vioo atawakatia. Shida iko katika yale tunayoyaweka ndani ili papendeze. Tunasema hivyo kwa sababu sisi wenyewe tulikosea.

Mwezi wa kwanza mtoto mmoja wa kikundi alileta bangili ya shaba ya bibi yake, akaiweka juu ya mchanga. Iling'aa vizuri na sisi tukamsifu. Siku ya tatu konokono wote wawili walikuwa wameanguka chini. Kufika Ijumaa tulikuwa tumetoa samaki wanne kati ya sita. Mtoto alilia, na sisi walimu tulikosa la kumwambia, kwani tulikuwa tumekubali. Shaba hutoka ndani ya maji kidogo kidogo bila kuonekana kwa macho. Konokono hufa kwanza, samaki hufuata. Mabati nayo yamepakwa zinki, na risasi ya wavuvi ni sumu inayojulikana. Kwa hiyo sasa hakuna chuma, hakuna sarafu, hakuna msumari wala waya ndani ya maji yetu. Na rangi pia: sanamu iliyopakwa rangi ya nyumba, au shanga zinazoacha rangi kwenye vidole, zibaki kabatini.

Kitu tunachokipenda zaidi ni chungu kidogo cha udongo, kile ambacho mama mfinyanzi anauza sokoni, kisichopakwa chochote. Kikilazwa ubavu kinakuwa pango, kikisimama kinapandwa jani. Kilowekeni siku kadhaa na kubadilisha maji kila siku kabla ya kukitumia. Vikombe vya plastiki vilivyokuwa na maziwa ya mgando ni vizuri pia, mkivitoboa chini na kujaza mchanga wa ziwa uliooshwa ndani ya ndoo mpaka maji yatoke meupe. Msitie udongo wa shamba wenye samadi: unaoza, maji yananuka, samaki wanapanda juu kutafuta hewa.

Kuhusu mawe, dondosheni ndimu au siki juu ya jiwe. Likitoa povu, lina chokaa. Kwa samaki wa Tanganyika hilo si baya, maana maji ya ziwa letu yenyewe yana chumvi nyingi za mawe na pH yake inakaribia 9. Lakini kama umepewa samaki wa mito ya msituni, wanaozoea maji laini, jiwe hilo litawasumbua. Miti ya mkaratusi tumeiacha kabisa kwa sababu ya mafuta yake. Mti mwingine uchemsheni kwanza. Maji yakipata rangi ya chai msiogope.

Pambo bora kuliko yote halinunuliwi. Kuna samaki wadogo wa ziwa hili ambao wanaishi na kutaga mayai ndani ya magamba matupu ya konokono. Watoto wetu wanaweza kukaa saa nzima wakimtazama jike akijificha na kuchungulia. Okoteni magamba ambayo yamekwisha kuwa matupu pwani, yachemsheni, yakaukeni juani. Pitisheni kidole katika kila tundu la pambo: likikwaruza ngozi yako, litapasua mapezi; na tundu ambalo samaki anaingia asiweze kugeuka, lizibeni.

Hapa tunaomba mtusome polepole. Majani yanayofaa yako mengi kandokando ya ziwa, lakini ndipo wanapoishi konokono wanaobeba kichocho. Msiwatume watoto kuyavuna. Mtu mzima akiyaleta, ayaoshe, atazame kila jani, aondoe konokono na mayai yao yanayofanana na ute, kisha ayaweke ndani ya ndoo peke yake, akiyachunguza tena kila siku kwa muda wa juma moja au mawili. Maji ya ziwa yenyewe yakae siku mbili bila konokono kabla mtoto hajayatia mkono, kwa sababu vijidudu vya kichocho haviishi zaidi ya hapo vikikosa mwili wa kuingia. Maji ya bomba nayo yakae siku nzima wazi ili klorini itoke. Baada ya kugusa sanduku mikono ioshwe kwa sabuni. Ndani ya sanduku sabuni isiingie hata tone.

Neno la mwisho ni juu ya vyombo. Mama mmoja wa kikundi, mwuzaji wa nyanya, alituletea kwa moyo mzuri bidoni iliyokatwa katikati ili tupandie majani. Ilikuwa ya dawa ya wadudu. Alikuwa ameiosha mara tatu kwa majivu. Tukamweleza kwamba plastiki inashika dawa hiyo na kuiachilia polepole, na samaki hawahitaji nyingi ili wafe. Akanyamaza, halafu akauliza: «Na mafuta ya mawese?» Bidoni ya pili, ndugu ya ile, ilikuwa jikoni kwake na lita tano za mawese ambazo watoto walikuwa wamekwisha kuanza kula.

Tulikwenda naye jioni ileile. Mafuta tuliyamwaga ndani ya shimo mbali na kisima, na ilimuuma, maana lita tano si mchezo. Wenzake walichanga kumnunulia mengine. Bidoni zote mbili tulizitoboa kwa msumari, chini na ubavuni, ili asiwepo wa kuziokota akachotee maji. Kama iko moja nyumbani kwako, itoboe leo, hata kama samaki huna.