Ganzi Isiyoisha: Mshipa wa Fahamu na Kipandikizi cha Jino

Mwanafunzi anayefasiri maelezo ya daktari wa meno hapa Kampala hukutana mapema na neno lenye mtego: mshipa. Katika Kiswahili mshipa huweza kuwa wa damu au wa fahamu, na hata ngiri huitwa mshipa. Kiganda hutenganisha: emisuwa ni ya damu, obusimu ni ya fahamu. Mgonjwa akiambiwa tu kwamba "mshipa unaweza kuguswa", atadhani atatokwa na damu, kumbe hatari ni nyingine.

Kipandikizi ni skrubu ndogo ya titani inayokazwa katika mfupa wa taya ili kushikilia jino la bandia. Mgonjwa wa kwanza alipandikizwa na Brånemark nchini Uswidi mwaka 1965. Ndani ya taya la chini umo mfereji unaopitisha mshipa wa fahamu. Mshipa huo hutokeza karibu na magego ya mbele, nao huupa mdomo wa chini na kidevu hisi. Keekee au skrubu ikizama mno, mshipa hubanwa, huchubuka au hukatika. Ndiyo maana daktari hupima kwanza kwa picha ya eksirei, na huacha nafasi ya angalau milimita 2 juu ya mfereji.

Mshipa huu ni wa hisi, si wa mwendo. Kwa hiyo midomo bado hukutana kutamka p, b na m, lakini msemaji hauhisi mdomo wake wa chini. Hujiuma bila kujua, chai humtiririka kidevuni, na wengine huhisi kuchomwachomwa.

Neno la pili ni ganzi. Ganzi ya sindano huisha baada ya saa chache. Ikiendelea hadi siku ya pili, hiyo ni dalili ya jeraha. Mgonjwa asingoje miadi ya wiki ijayo. Amwarifu daktari mara moja, kwani kipandikizi kinachobana mshipa hufaa kutolewa mapema, ndani ya saa 36 hivi. Mshipa uliobanwa kidogo huweza kupona kwa wiki au miezi. Uliokatika huenda usipone kamwe.

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005. Basi tunawahimiza walimu na wanafunzi wanaoombwa kufasiri fomu za ridhaa waandike "mshipa wa fahamu" kwa ukamilifu, na waeleze ganzi ipi huisha na lini. Mgonjwa atie sahihi akiwa ameelewa.