Farasi Arukaye na Mkasi wa Bi Lotte

Hadithi za Alfu Lela Ulela tulisimuliwa na bibi zetu usiku, taa ya chemni ikifuka, nasi tusijue kwamba huko Ujerumani mwanamke mmoja alikwisha kuzikata kwa mkasi akazifanya sinema.

Jina lake ni Lotte Reiniger, mzaliwa wa Berlin mwaka 1899. Mwaka 1923 mwenye benki mmoja, Louis Hagen, alijitolea kumgharamia, naye akaanza kazi juu ya gereji huko Potsdam pamoja na mumewe, Carl Koch. Wafalme, majini na farasi aliwakata katika karatasi ngumu nyeusi na mabamba membamba ya risasi, akawaunga viungo kwa waya, akawalaza juu ya kioo kimulikwacho kwa chini. Mkono wa kikaragosi husogezwa kiasi cha unywele, hupigwa picha. Husogezwa tena, hupigwa nyingine. Miaka 3 ilipita hivyo, kwa filamu isiyotimiza dakika 70! Mwenye kudarizi kofia ataielewa subira hiyo.

Filamu yenyewe, Die Abenteuer des Prinzen Achmed, ilionyeshwa Berlin mwaka 1926. Ndiyo kongwe kuliko filamu ndefu zote za katuni zilizosalia duniani. Zilizotangulia, za huko Argentina, zimepotea. Nayo ilikuwa ipotee: asili yake iliangamia Berlin mwaka 1945, na lau si nakala iliyohifadhiwa London, wapenzi wa filamu za kale wangebaki na jina tu.

Tuna manung'uniko mawili. Mwovu wa kisa ameitwa Mchawi wa Kiafrika, jambo lisilotupendeza watu wa pwani hii. Tena pana onyesho la Pari Banu akioga. Ni kivuli tu, lakini mzazi na atangulie kutazama.

Filamu ni bubu, ina muziki na maandishi machache, hivyo huhitaji msimulizi. Nyumbani kwetu kazi hiyo aliishika mama, wajukuu wake wamemzunguka. Mwanamfalme alipopanda farasi akapaa, mama aliinua mkono tusimamishe.

"Huyo farasi wa mpingo ana hadithi yake mwenyewe," akasema. "Wamemtia humu kwa nguvu."

Hakukosea. Bi Lotte alichanganya visa, akamwingiza hata Aladini na taa yake. Basi filamu ikasimama, na hadithi ya farasi ikaanza upya kwa mdomo hadi watoto wakalala. Mwisho wa filamu hawajauona bado.