Madoa ya Kahawia Juu ya Lenzi: Alama ya Kuzaliwa, si Mtoto wa Jicho

Mkulima wa korosho wa Nachingwea au Ruangwa aendaye kupimwa miwani ya kusomea huweza kuambiwa kuwa lenzi ya jicho lake ina madoa. Asipoelezwa zaidi, hurudi nyumbani akiamini kuwa upofu umekaribia.

Lenzi ya mtoto aliye tumboni huzungukwa na mtandao wa mishipa midogo ya damu unaoilisha. Katika miezi ya mwisho ya ujauzito mtandao huo husinyaa na kutoweka, kwani baadaye lenzi hulishwa na majimaji ya ndani ya jicho. Usipotoweka wote, chembechembe za rangi hubaki zimenata kwenye utando wa mbele wa lenzi. Kwa darubini ya macho huonekana kama vinyota vya kahawia au nyayo za kuku, katika jicho moja au yote mawili. Havikui, havigeuki mtoto wa jicho, na kwa kawaida havipunguzi uoni. Havihitaji dawa wala upasuaji.

Hata hivyo, si kila rangi iliyo juu ya lenzi ni ya kuzaliwa. Mhudumu aulize kama jicho limewahi kupigwa, kuuma, kuwa jekundu au kuogopa mwanga. Rangi iliyojipanga kama pete huweza kuwa athari ya pigo. Mboni isiyo duara, iliyogandana na lenzi, huashiria uvimbe wa ndani ya jicho. Weupe ndani ya mboni si alama hii: kwa mtu mzima mara nyingi ni mtoto wa jicho, na kwa mtoto mdogo ni sababu ya rufaa ya haraka, maana huweza kuwa saratani.

Hofu isiyo na msingi ina gharama. Wapo watumiao nauli kwenda Lindi mjini au Ndanda bila sababu, na wapo watiao jichoni dawa za miti shamba au matone ya dukani. Matone yenye steroidi, yakitumika ovyo, huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho wa kweli.

Kwa hiyo mhudumu amweleze mgonjwa alichokiona, kisha aandike kwenye cheti chake: “Madoa ya kuzaliwa juu ya lenzi, hayana madhara.” Mgonjwa naye akitunze cheti hicho na kukionyesha kila apimwapo macho.