Walisubiri miaka 18 ili wazeeke pamoja

Mwaka 1998, mtafiti Maria Brenton aliwaeleza wanawake wa London alichokiona Uholanzi: wazee waliochagua kuwa majirani, kila mtu na mlango wake, lakini hakuna anayeugua kimyakimya bila wenzake kujua. Wanawake sita walitoka pale na nia moja. Kundi walilolianzisha lilihamia kwenye fleti zake za New Ground, eneo la High Barnet, London, mwishoni mwa 2016.

Miaka 18! Viwanja vilipatikana vikaponyoka. Halmashauri zilisita, zikihofia kubebeshwa gharama za kutunza wazee wageni. Wapo waliochoka wakajiondoa, na siwalaumu. Waliobaki waliendelea kukutana mwezi baada ya mwezi, na naamini vikao hivyo ndivyo vilivyoijenga New Ground kabla ya fundi kuweka tofali la kwanza. Humo ndimo walimojuana: nani ana hasira za karibu, nani hunyamaza akiumia, nani huahidi asitimize.

Wengi hudhani upendo unatosha. Hautoshi. Pale mambo huamuliwa kwa kuafikiana, hivyo anayetaka neno lake liwe la mwisho hataweza kukaa. Atakayeweza ni yule anayebishana asubuhi juu ya bustani, hoja yake ikakataliwa, na jioni akaja jikoni kumenya viazi na waliompinga. Moyo wa namna hiyo hauji wenyewe kwa sababu ya mvi. Hufunzwa, na wale wanawake walijifunza wakiwa watu wazima kabisa.

Kuna jiko na ukumbi wa pamoja, chumba cha kufulia, chumba cha wageni, na kazi nyingi za nyumba huziendesha wenyewe kwa vikundi. Wanajuliana hali, wananunuliana dawa, lakini hawakuahidiana kuuguzana. Kusema wazi mapema wapi msaada wako unaishia ni uungwana mkubwa, nao naamini umewaepusha na manung'uniko mengi.

Lililonigusa zaidi ni hili. Ingekuwa rahisi kujenga haraka kwa ajili ya wenye nyumba za kuuza tu. Walikataa kuwaacha nyuma wenzao wasio na mali. Kati ya fleti 25 za New Ground, 8 ni za kupanga kwa kodi nafuu.