Wakikuomba Mtoto Wako Aingie Katika Utafiti wa Tiba

Jioni moja mwaka 2019, mama mmoja wa kikundi chetu cha kutembelea wagonjwa alibisha hodi kwangu akiwa bado amejifunga khanga ya jikoni. Mdogo wake anayeishi Marekani alikuwa amempigia simu huku akilia. Mtoto wake wa kiume, mwenye miaka 8, alikuwa amepasuliwa kichwa na kutolewa uvimbe kwenye ubongo. Sasa madaktari walikuwa wamempa mama huyo makaratasi mengi ayasome na kutia sahihi, ili mtoto aingizwe katika utafiti wa tiba.

"Dada, wanataka kumfanyia mwanangu majaribio," alisema. "Niwakatalie?"

Swali lililetwa kwangu kwa sababu mimi ni muuguzi. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu. Nimehudumia watoto wodini kwa miaka mingi, lakini habari za utafiti wa uvimbe wa ubongo nilizijua juu juu tu. Niliomba siku mbili. Nilisoma, nikamwuliza pia daktari niliyewahi kufanya naye kazi. Mengi ya haya ninayowaandikia, akina mama wenzangu, nilijifunza kwa ajili ya simu ile.

Neno majaribio linatutisha, wala si bure. Zamani wako watu waliofanyiwa majaribio bila kuulizwa. Ndiyo maana mwaka 1964 chama cha madaktari wa dunia kilikutana Helsinki na kutoa tamko kwamba mgonjwa lazima aelezwe na akubali mwenyewe. Siku hizi utafiti hauanzi mpaka kamati isiyohusika nao iupitie na kuukubali. Hapa Tanzania, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ndiyo yenye kazi hiyo.

Ugonjwa wa mtoto yule unaitwa meduloblastoma. Ni saratani inayoota kwenye ubongo wa nyuma, pale kisogoni, mahali panapotuwezesha kutembea bila kuyumba. Mtoto huumwa kichwa asubuhi, hutapika, baadaye huanza kupepesuka kama mlevi. Kwetu mtoto wa namna hiyo aghalabu hutibiwa malaria kwanza, kisha minyoo, kisha watu wanaanza kunong'ona kwamba amerogwa. Nakiri kwamba mimi mwenyewe nimewahi kumrudisha nyumbani mtoto mwenye dalili hizo na dawa za malaria mkononi. Aliporudi, macho yalikuwa yameanza kupinda. Mama, mtoto akitapika kila asubuhi kwa wiki mbili bila homa na bila kuharisha, omba apimwe kichwa.

Ugonjwa huu ulipewa jina mwaka 1925 na madaktari wawili wa Marekani, Harvey Cushing na Percival Bailey. Mwaka 1930 Cushing alitoa hesabu ya wagonjwa wake 61. Aliyekuwa hai baada ya miaka 3 alikuwa mmoja tu. Kisha katika mji wa Manchester, Uingereza, daktari mwanamke aitwaye Edith Paterson aliona kwamba haitoshi kuchoma kwa mionzi pale penye uvimbe, kwa kuwa mbegu zake husafiri kwenye maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Akapiga mionzi ubongo wote na uti wa mgongo wote. Mwaka 1953 yeye na mwenzake waliandika kwamba kati ya wagonjwa 27, asilimia 65 walifikisha miaka 3.

Lakini mionzi hiyo ilikuwa na gharama yake. Watoto walipona, wakarudi shuleni, na walimu wakaona hawashiki masomo. Wengi hawakurefuka. Kadiri mtoto alivyokuwa mdogo, ndivyo madhara yalivyozidi. Je, mionzi ingeweza kupunguzwa bila saratani kurudi? Hakuna daktari aliyeweza kujibu hilo kwa kukisia.

Mionzi hupimwa kwa kipimo kiitwacho grei. Kipimo cha kawaida kwa ubongo na uti wa mgongo kilikuwa grei 36. Daktari Roger Packer na wenzake walikishusha hadi 23.4, wakaongeza dawa za saratani, mojawapo ikiwa vinkristini. (Dawa hiyo hutokana na ua la asili ya Madagascar ambalo wengi wetu tumelipanda uani kwa urembo.) Mwaka 1999 walitoa matokeo ya watoto 65. Baada ya miaka 5, asilimia 79 walikuwa hawajarudiwa na ugonjwa.

Hapo ndipo lilipokuja swali linalofuata: je, inawezekana kushuka tena hadi 18? Kuanzia mwaka 2004 hadi 2014, hospitali za Marekani na nchi nyingine chache ziliandikisha wagonjwa zaidi ya 500 wa miaka 3 hadi 21. Wale wadogo, wa miaka 3 hadi 7, waligawanywa kwa kura ya kompyuta. Nusu walipata grei 23.4, nusu wakapata 18. Kura hii huwauma wazazi kuliko kitu kingine. Inakuwaje mtoto wangu apigiwe kura kama mbuzi wa mnada? Lakini daktari akiachiwa achague, atampa tiba nyepesi yule anayemwona ana nguvu, na mwishoni hatutajua kilichomponya ni nini.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Watoto waliopata mionzi kidogo, akili zao zilihifadhika vizuri zaidi. Lakini baada ya miaka 5, waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 71.4, ilhali wenzao wa kipimo cha kawaida walikuwa 82.9. Niliposoma hayo niliweka karatasi chini. Mama aliyefurahi kwamba mwanawe ameangukia upande wa mionzi kidogo ndiye aliyekuwa kwenye hatari zaidi, na siku ile hakuna aliyejua, hata daktari. Utafiti uleule pia ulionyesha kwamba ile dozi ya nyongeza inayopigwa kisogoni inaweza kulengwa mahali palipokuwa na uvimbe tu, bila madhara kwa uponyaji. Hilo watoto wa leo wanafaidi.

Tusidanganyane, basi. Utafiti si ahadi ya tiba bora. Uko wa awamu ya kwanza, unaotafuta kipimo kisicholeta madhara makubwa, na kwa kawaida huingiwa na wachache ambao tiba ya kawaida imewashinda. Awamu ya pili huangalia kama uvimbe unasinyaa. Awamu ya tatu hulinganisha tiba mpya na ya zamani. Mama akiambiwa "kuna dawa mpya" bila kuambiwa awamu, ameambiwa nusu ya habari.

Zipo nyakati habari ni njema. Kwa aina moja ya glioma, uvimbe unaokua polepole, vidonge viwili vya dabrafenibu na trametinibu vililinganishwa na dripu za kawaida kwa watoto 110. Uvimbe ulisinyaa kwa asilimia 47 ya waliomeza vidonge, na kwa asilimia 11 tu ya wengine. Marekani iliviruhusu mwaka 2023. Kwa ule uvimbe mbaya wa shina la ubongo, dawa baada ya dawa zilijaribiwa bila mafanikio. Mwezi Agosti 2025 Marekani iliruhusu dordaviproni kwa wagonjwa wenye badiliko fulani la vinasaba ambao ugonjwa wao umeendelea kukua baada ya tiba. Kati ya wagonjwa 50, uvimbe ulisinyaa kwa takriban mmoja kati ya watano. Ni kidogo, na bado wanaifanyia utafiti.

Turudi kwa yule mama. Tulimpa dada yake maswali ampelekee: Ni awamu gani? Kuna kura? Nikikataa mtoto atatibiwa vipi? Nikikubali leo naweza kumtoa kesho? Damu yake itapimwa mara ngapi zaidi, na nani atalipa? Tulimsisitiza pia aombe mkalimani wa Kiswahili, maana Kiingereza cha dukani si cha kusomea makaratasi yale.

Alijibiwa yote. Hakukuwa na kura. Uvimbe wa mtoto ulikuwa wa kundi liitwalo WNT, ambalo zaidi ya watoto 9 kati ya 10 hupona, na ndiyo sababu kwa kundi hilo peke yake walikuwa wanathubutu tena kupima grei 18. Angekataa, angepata tiba ya kawaida palepale, kwa daktari yuleyule. Aliomba usiku mmoja afunge na kuomba. Mtoto naye aliulizwa kama anakubali, akataka kwanza kujua atarudi shule lini.

Mama alitia sahihi. Kijana anasoma, ingawa hesabu zinamchelewesha. Dawa ya sisplatini imepunguza usikivu wake, kwa hiyo mama yake mkubwa akimpigia simu hulazimika kupaza sauti, na mtaa mzima hujua kwamba anasalimiana na Marekani.