Vitenzi vya Kuona na Vihusishi Vyake katika Kiingereza: Mazingatio kwa Msemaji wa Kiswahili

1. Utangulizi

Mwanafunzi aliyelelewa katika Kiswahili hufundishwa mapema kwamba “see” ni kuona na “look” ni kutazama. Ujuzi huo humtosha kwa muda mfupi tu. Punde hukutana na “look after”, “look for”, “look into”, “see to” na “see through”, akatambua kwamba maana haimo katika kitenzi peke yake wala katika kihusishi peke yake. Aghalabu hushauriwa akariri orodha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya orodha hiyo ina utaratibu unaoelezeka, na kwamba kauli ya kutendea ya Kiswahili inampa mwanafunzi huyo mfano wa karibu wa kuuelewa.

2. Tokeo na shabaha

Kitenzi “see” hutaja tokeo: kitu kimekwisha kufika machoni. Kwa hiyo huchukua yambwa moja kwa moja, kama katika “I saw the lion”, nilimwona simba. “Look” hutaja tendo la kuyaelekeza macho, wala hakisemi kama macho yamepata kitu. Ndiyo maana mtu aweza kusema “I looked at the hill but saw nothing”, yaani nilitazama mlimani nisione kitu.

Katika sentensi hiyo, “at” ndicho kinachotaja shabaha ya macho. Kazi hiyo hudhihirika hata nje ya vitenzi vya kuona. Kumtupia mtu mpira ili audake ni “throw to”. Kumrushia jiwe kwa nia ya kumpiga ni “throw at”. Katika “at” mna shabaha, lakini hamna hakika ya kufika. Kwa sababu hiyo vitenzi vinavyotaja namna ya kuelekeza macho huandamana nacho: “stare at”, kukodolea macho, “glance at”, kutupia jicho, “glare at”, kutazama kwa ghadhabu. “See” hakihitaji shabaha, kwani safari ya macho imekwisha. Katika “I saw him at the market”, kihusishi kinataja mahali pa tukio tu.

Kiswahili hakigawi mambo hivi. Kutazama na kuangalia huchukua yambwa sawasawa na kuona: mtazame, mwangalie, mwone. Mwanafunzi anapoandika “look the picture”, basi, hafanyi hivyo kwa uzembe. Anafuata sarufi ya lugha yake kwa uaminifu, na mwalimu anayelijua hilo atamsahihisha kwa kumweleza tofauti iliyopo, si kwa kumtia alama nyekundu tu.

3. Njia ya macho

Shabaha ikiisha kufahamika, vihusishi vingine hueleza njia ambayo macho huipita. “Into” huyaingiza ndani, na kutokana na kuingia huko “look into” hupata maana ya kuchunguza jambo. “Over” huyapitisha juu ya kitu kutoka upande hata upande, na “look over” huwa kukagua au kupitia. “After” huyafanya yamfuate mtu aendako. Anayefuatwa kwa macho asipotee ni mtu anayetunzwa, na hiyo ndiyo maana ya “look after”. “For” hutaja kitu kitakiwacho ambacho bado hakijaonekana, nayo “look for” ni kutafuta.

Kihusishi kikitangulia na kuungana na kitenzi, maana hugeuka. “Look over” ni kukagua, lakini “overlook” aghalabu ni kupitiwa na jambo, au kulifumbia macho. “Oversee” ni kusimamia. Karani atakayeambiwa “look over the accounts” akafahamu “overlook” atafanya kinyume cha alichoagizwa.

4. Ni nini kinachopita?

Ugumu huzidi pale ambapo maneno ni yale yale na mpangilio ndio unaotofautiana. “She saw through him” maana yake ni kwamba aliitambua hila yake. “She saw him through” maana yake ni kwamba alimsaidia hata mwisho wa shida yake. Katika sentensi ya kwanza macho ya mwanamke ndiyo yanayopenya, na mwanamume ndiye pazia linalopenywa. Katika ya pili mwanamume mwenyewe ndiye anayepita katika shida, huku akiangaliwa mpaka atoke. Mwanafunzi akizoea kujiuliza ni nini kinachopita, na kinapita wapi, hatazichanganya.

Kiwakilishi hutoa kipimo kingine. Husemwa “look after her”, haisemwi “look her after”. Hapa “after” ni kihusishi, na hukaa mbele ya yambwa yake. Kwa upande mwingine husemwa “look it up”, kulitafuta neno kamusini, wala haisemwi “look up it”. Hapa “up” hufanya kazi ya kielezi kilichoshikamana na kitenzi.

Mfano wa “look forward to” unastahili kutajwa pekee. “To” ya hapo ni kihusishi, kwa hiyo hufuatwa na jina: “look forward to seeing you”. Kosa la kuandika “to see you” lina chanzo chake. Katika Kiswahili, “kuona” ni kitenzi na pia ni jina, na “natazamia kukuona” haimlazimishi msemaji kuchagua baina ya hayo mawili. Kiingereza humlazimisha.

5. Kauli ya kutendea

Katika Kamusi Sanifu iliyotungwa chini ya uongozi wa Frederick Johnson na kutolewa mwaka 1939, kauli ya kutendea ilitiwa alama ya ufupisho “Prep.”, yaani ya kihusishi. Jina hilo lilitokana na macho ya Kiingereza, lakini halikukosa hekima. Linachofanya “for” au “at” nje ya kitenzi, Kiswahili mara nyingi hukifanya ndani yake. Anayesema “niangalizie mzigo wangu” ametaja tendo, mtendewa na faida yake katika neno moja.

Kauli hiyo nayo haina maana moja tu. “Kioo cha kujitazamia” ni chombo cha kutazamia. “Tunatazamia mvua” ni kutarajia. “Kumwonea mtu huruma” ni wema. “Kumwonea mtu”, pasipo neno la kufuata, ni kumdhulumu. Hakuna mzawa wa lugha anayeyaona haya kuwa vurugu. Basi asishangae kwamba “look up the hill” na “look up the word” zimeachana.

6. Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilizifanya Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na kazi ya kutafsiri imepata uzito mpya. Mfasiri anayeandika “kamati itaangalia ndani ya suala hili” amehamisha kihusishi akaiacha maana. “Kamati italichunguza suala hili” ndiyo tafsiri. Mtungaji wa kamusi naye hana budi kuipa “look after” mahali pake, isimezwe na “look”. Ama mwalimu, afadhali aanze na “onea” na “tazamia”, ambazo mwanafunzi anazijua, ndipo amvushe hadi “look” na “see”.